Fimbo ya Maji Baridi

Baba alinipa sharti moja tu: isiwe ghali.

"Ikiwa ghali sitoishika," alisema, nami nilijua hatanii. Alikuwa amekaa kitandani, mkono wake wa kulia umelala mapajani, kiganja juu, kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akishike kwa muda. Miezi saba ilikuwa imepita tangu apigwe na kiharusi, na kwa miezi yote hiyo hakutoka nje ya nyumba ila kwenda hospitali. Msikiti uko karibu na geti letu kiasi kwamba imamu akikohoa tunamsikia, lakini hakwenda. Wajomba zangu wawili walikuja kila Ijumaa kula chakula cha mchana kama walivyozoea, yeye akala chumbani peke yake, maana hakutaka wauone wali unavyomwagika.

Daktari alisema mkono ule utarudi ukitumiwa, na usipotumiwa utakauka. Alitupa mpira laini wa kuminya. Baba aliuminya siku mbili, siku ya tatu akampa paka auchezee. Wakati huo vidole viwili tu ndivyo vilivyokuwa vikifunga, dole gumba na cha shahada. Vile vitatu vingine vilikaa wazi hata akiwa na hasira.

Kitu pekee alichokitaja kwa hamu ni bahari. Kabla ya maradhi, kila Ijumaa asubuhi alikwenda kwenye mawe yaliyo nje kidogo ya Matrah akavua kwa mshipi wa mkono, yaani uzi mtupu na ndoana. Vidole vyake vina makovu ya mshipi ule, mistari myeupe myembamba. Lakini mshipi wa mkono unataka mikono miwili mizima. Ndipo nikamwambia, "Baba, mimi nitakutafutia fimbo utakayovulia kwa mkono mmoja na nusu."

"Mkono mmoja na nusu," akarudia. "Haya. Lakini isiwe ghali."

Lazima nieleze kwa nini nilisema vile kwa uhakika. Mimi ni mtu niliyejijenga mwenyewe. Nilitoka Maskati nina miaka ishirini na moja, nikaenda Kanada ambako sikuwa na ndugu wala jirani. Niliosha sahani, nikabeba maboksi ya nyama iliyoganda, jioni nikasoma, mpaka nikapata diploma ya mitambo ya baridi: mafriji, viyoyozi, vyumba vya kugandishia. Diploma hiyo imetundikwa ofisini kwangu, Khuwair ya Kusini, mahali ambapo hakuna anayeingia asiione. Niliporudi baada ya miaka kumi na minne, watu wa ukoo walisema sitodumu mwaka. Leo nina magari matatu na mafundi tisa, na nyumba nyingi za mtaa ule zinalala vizuri mwezi wa Julai kwa sababu yangu. Hayo nimeyapata bila kubebwa na mtu, na sioni haya kuyasema.

Na huko Kanada nilijifunza kuvua samaki wanayemwita maski. Ni samaki wa maziwa, mrefu, sura yake kama mzia wa baharini, meno yake yanakata kiatu. Ni mgumu kumpata. Unaweza kurusha chambo siku nzima asikuguse, halafu jioni akakufuata mpaka ubavuni mwa mashua, akakutazama, akageuka na kwenda zake. Nimewapata saba. Wa mwisho alikuwa na urefu wa kunifika kifuani, na picha yake ipo ofisini, chini ya diploma. Wazungu waliozaliwa pembeni ya ziwa lile walinishika mkono.

Fimbo ya maski si kama fimbo nyingine. Ni ngumu, nene, na mpini wake ni mrefu kwa nyuma, kwa sababu unaurusha mzigo mzito na huwezi kutegemea viganja peke yake. Mpini ule unaubana kwapani. Nilipomwona baba na mkono wake, nikakumbuka mpini ule. Aubane kwapani kwa mkono wa kulia, vidole viwili vielekeze tu, na mkono wa kushoto uzungushe mashine ya kukunjia mshipi. Hili sikulisoma popote, nililitoa kichwani mwangu.

Nilikwenda Hamriya, kwenye duka moja la vitu vya uvuvi ambalo huuza pia kamba, taa na makubazi. Mwenye duka ni mzee wa Kizanzibari kama sisi, miwani yake ameifunga kwa uzi.

"Msalkheri, ami."

"Msalkheri, mwanangu. Weye wa nani?"

Nikamtajia baba. Uso ukamfunguka. "Ah! Huyo akinunua ndoana kwangu tangu duka hili lina mlango mmoja. Mbona simwoni?"

Nikamweleza. Akaingia nyuma, akatoka na fimbo tatu. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, haifai. Ya pili ilikuwa fimbo ya bahari hasa, pete zake zote zina kauri nyeupe ndani, lakini bei yake baba angeijua kwa kuitazama tu, na angeirudisha siku hiyo hiyo. Ya tatu ilikuwa na karatasi iliyobandikwa karibu na mpini, na kwenye karatasi kuna picha ya maski, mdomo wazi.

"Ami, hii umeitoa wapi?"

"Imekuja kwenye kontena la mchanganyiko, pamoja na makoti ya mvua. Makoti nnayo bado, ukitaka."

Niliishika. Nilikaza ncha yake kwenye sakafu ikapinda sawasawa, bila kukata kona. Nilibana mpini kwapani, nikaachia kiganja, ikakaa. Nilipima uzito wake kwa vidole viwili, kama atakavyoshika baba. Bei yake ilikuwa kama ya mfuko wa mchele, tena si mchele wa wageni. Wateja wawili walikuwa wamesimama wakitazama, nikawaeleza samaki huyu ni nani na mimi nilimpata wapi. Walisikiliza. Mmoja alisema mashaallah.

Mwenye duka alingoja nimalize. "Fimbo nzuri, sikatai," akasema. "Ila hiyo ya maji baridi, mwanangu."

Nilicheka. "Ami, unaniambia mimi? Miaka kumi na minne nimeishi kwenye maji baridi. Nimevua asubuhi barafu imeganda kwenye pete za fimbo, naibandua kwa meno. Fimbo iliyostahimili baridi ile itashindwa na maji ya hapa, vuguvugu kama ya kumwogesha mgonjwa?"

Aliniangalia juu ya miwani. "Nakwambia ya maji baridi..."

"Baridi ndiyo diploma yangu, ami."

Wale wateja wakacheka. Mzee akaichukua fimbo, akaifunga kwa gazeti. "Haya. Injinia keshasema."

Nilitoka pale nikijiona nimeshinda.

Ijumaa ya kwanza baba aliuliza bei kabla hajavaa kanzu. Nikamwambia. Aliifanyia hesabu usoni mwangu kuona kama nadanganya, kisha akasema, "Nifunge kilemba." Mama alisimama mlangoni na kitambaa cha jikoni mkononi, akiogopa neno lolote lingemrudisha kitandani.

Pale kwenye mawe nilimwekea kiti. Mara ya kwanza mpini ulimteleza, mara ya pili akaubana. Nilimrushia mimi, yeye akakunja kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia ukakaa juu ya fimbo kama mzazi aliyeweka mkono begani kwa mwanawe. Alipata changu wawili wadogo. Njiani kurudi, ndani ya gari, alisema, "Mpini huu una akili."

Tulikwenda Ijumaa tano. Fimbo ilikaa kwenye buti la gari, ikakauka na maji yake ya bahari, wiki mpaka wiki. Ijumaa ya tatu kidole cha kati kilifunga. Ya nne akaswali msikitini, kwenye kiti, safu ya nyuma. Ya tano cha pete nacho kikaanza kupinda, nikawa namwambia kila mteja wangu kwamba madaktari walikuwa na mpira na mimi nilikuwa na fimbo. Wajomba niliwaambia pia, mara nyingi. Mjomba mkubwa alisema, "Yakhe, huyu akitengeneza friji hudai ameumba baridi." Tukacheka wote, lakini mimi niliona ni kweli kidogo.

Ijumaa ya sita alikamata kolekole. Nilijua ni mkubwa kwa jinsi fimbo ilivyokwenda chini, kwa uzito mmoja, bila kutikisika. Baba alisimama. Hakuwa amesimama bila kushikwa tangu augue. Alibana mpini, mashine ikalia, akasema, "Mwache, mwache, nnaye," na uso wake ulikuwa uso wa zamani. Samaki alikimbia, akapumzika, akakunjwa, akakimbia tena. Halafu fimbo ikanyooka ghafla kama iliyopigwa, ikamtoka mkononi, ikaanguka kwenye mawe. Mshipi ulikuwa ukielea juu ya maji.

Na mimi, kabla sijafikiri, nikapiga kelele: "Umeachia, baba!"

Alirudi kwenye kiti taratibu. Aliushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaugeuza, akakitazama kiganja kwa muda mrefu. "Ndiyo," akasema. "Nimeachia."

Sikulisahihisha neno lile. Nilidhani ni kweli.

Nyumbani aliingia chumbani na ibada zake zikarudi chumbani. Siku iliyofuata nilitoa fimbo kwenye buti niipeleke kwenye ghala la nyumbani. Nikapitisha mshipi mpya kwenye pete, kwa mazoea tu, na ukakwama. Niliitazama pete ya juu kabisa kwa taa ya simu. Ndani yake kulikuwa na kutu, na kutu ilikuwa imeinua chuma kikawa na meno madogo. Pete ya pili hivyo hivyo. Ya tatu imepasuka ukingo. Nilivuta mshipi mara nne juu ya pete ile na ukakatika mkononi mwangu, sauti ndogo tu, kama uzi wa kifungo.

Baba hakuachia. Mshipi ulikatwa, na fimbo ilipokosa uzito ndipo ilipomponyoka.

Nilikwenda Hamriya na fimbo ile mkononi. Nilikwenda kwa hasira, nikitaka kujua kwa nini aliniuzia kitu kibovu. Mzee alipitisha ukucha kwenye pete.

"Nilikwambia ya maji baridi."

"Ami, maji ya hapa si ya moto kiasi cha kuharibu chuma."

"Moto umetokea wapi?" Aliivua miwani. "Maji baridi! Yasiyo chumvi! Ya mto, ya ziwa, ya kisima. Kuna maji baridi na kuna maji chumvi. Kwenu hamsemi?"

Kiswahili changu nimekipata nyumbani Maskati: cha jikoni, cha dua, cha kugombezwa. Maskati hakuna ziwa. Maji yetu ya kunywa yalikuwa maji tu, ya bahari yalikuwa bahari, na baridi ilikuwa baridi. Tena baridi ikawa chakula changu na jina langu, nikilisikia neno hilo najisikia nimeitwa mimi. Na jambo linaloniuma zaidi ni hili: kila wiki mafundi wangu wanabadilisha mapezi ya viyoyozi, yale mabati membamba, yaliyoliwa na hewa ya bahari. Hewa tu. Mimi ndiye ninayewaeleza wateja habari za chumvi, kwa kirefu, na mkono wangu kiunoni. Fimbo yenyewe, ambayo niliiloweka majini Ijumaa sita, sikuimwagia hata kikombe cha maji ya mfereji.

Nilipaswa kumwambia baba jioni ile ile. Sikumwambia. Nilijiambia ngoja apoe. Kisha nikajiambia ngoja nipate fimbo nyingine kwanza. Kisha ikawa wiki tatu. Kila asubuhi kabla ya kazi nilipita chumbani kwake, nikauliza amelalaje, nikaona vidole vyake juu ya shuka. Kile cha pete kiliacha kupinda. Kile cha kati kikafuata. Viwili tu vilibaki, kama mwanzo. Wajomba walipouliza mbona hatoki, yeye mwenyewe aliwajibu kupitia mlango, "Mkono ushakufa. Nimeacha samaki." Nilikuwa nimekaa pale pale nakula.

Nilijaribu Alhamisi moja, baada ya laasiri. Mama alikuwa kwa dada yake. Nilikaa ukingoni mwa kitanda.

"Baba, siku ile haikuwa mkono wako. Ni fimbo. Fimbo ilikata mshipi."

Alitabasamu upande mmoja, upande uliobaki wa kutabasamu. "Unanipoza."

"Sikupozi."

"Unanipoza, mwanangu. Kupoza ndiyo kazi yako."

"Baba, nilikosea. Nilichagua vibaya."

Hapo alicheka hasa, akakohoa. "Weye? Weye toka uzaliwe hujakosea. Jagi la bibi yako ulipolivunja ulisema jagi ndilo lililokaa vibaya. Leo ndio ukosee? Kwa ajili yangu?" Akanipiga pajani kwa mkono wa kushoto. "Ahsante. Lakini mimi si mgonjwa wa akili."

Maisha yangu yote nimejitahidi neno langu liaminiwe, na siku niliyotaka neno moja liaminiwe, lile la kunishusha, hakuna aliyekuwa tayari. Hata yeye.

Nikatoka, nikaileta fimbo kutoka ghalani. Nilimwekea mpini kwapani pale pale kitandani, nikamfungia vidole vyake juu yake, viwili vilivyofunga na vitatu vilivyolazwa. "Bana," nikasema. Nikapitisha mshipi mpya kwenye pete, nikaufunga kwenye mashine, nikarudi nyuma mpaka mlangoni na ncha ya mshipi nimeizungusha kiganjani. Nikavuta. Fimbo ikapinda. Baba akakunja uso, mkono ukatetemeka, lakini mpini haukutoka. Nilikaza na kulegeza, kama samaki, nikakaza tena, na mshipi ukakatika kwenye pete ya juu. Fimbo ikanyooka na kugonga kabati. Safari hii haikumtoka.

Alitazama ncha ya fimbo, akautazama mkono wake.

"Lete," akasema. Nikamsogezea pete. Akapitisha kidole cha kushoto ndani yake, akakitoa haraka.

"Kutu."

"Chumvi. Mwenye duka aliniambia ni ya maji baridi. Mimi nikaelewa baridi."

"Baridi?"

"Baridi, baba. Ya barafu."

Hakucheka, nami nilikuwa nimejiandaa acheke. Aliuliza, "Umejua lini?"

"Siku ya pili yake."

Niliona anahesabu kwa macho, Ijumaa moja, nyingine, nyingine. Kisha akaunyanyua mkono wa kulia kwa ule wa kushoto akanionyesha, akaurudisha mapajani. Ningependa angenigombeza. Nilikaa nikingoja, na alichosema baadaye kilikuwa, "Kesho utawaambia wajomba zako. Mimi niliwaambia mkono umekufa."

Niliwaambia. Wali ulikuwa umeshapakuliwa, mchuzi wa papa katikati, na baba alikuwa amekaa nasi kwenye mkeka mara ya kwanza tangu augue, mgongo ukutani. Nilieleza yote: duka, wateja wawili, diploma, kutu, wiki tatu. Nilitamani kuanza na sababu lakini baba alinitazama, nikaanza na kosa. Nilipofika kwenye maji baridi mjomba mdogo alijifunika uso kwa kofia. Mjomba mkubwa alisema, "Laa ilaaha! Injinia wa baridi kazama kwenye maji baridi!" na hapo baba alicheka, mpaka mama akachungulia kutoka jikoni. Nilipofika kwenye wiki tatu hakuna aliyecheka. Mjomba mkubwa alikazana kuchambua mwiba wa samaki, na papa hana miiba.

Baba alipeleka mkono wa kulia kwenye sinia. Wali ulimwagika njia nzima, juu ya mkeka, juu ya kanzu. Aliendelea kula, na sisi tukaendelea.

Fimbo ya bahari nimeinunua, ile ya pete nyeupe. Mwenye duka ndiye aliyechagua urefu na ugumu. Mimi nilishika tu pale aliposema nishike, na alipouliza kama nina swali nilimwomba anieleze tena namna ya kuiosha. Kuhusu bei, baba hakuuliza safari hii, na kutokuuliza kwake kumenitia wasiwasi zaidi kuliko kama angeuliza. Imesimama nyuma ya mlango wa chumba chake. Jana asubuhi nilimwekea mpini mkononi. Dole gumba lilifunga, cha shahada kikafunga. Cha kati kilitetemeka, kikasogea kidogo, kikarudi mahali pake.

"Tena," akasema, na sikujua kama anakiambia kidole au ananiambia mimi. Nikaushika mpini vizuri, tukaanza upya.